Jivu la tope la maji taka kwenye pevingi na tofali: lipime kwanza ndo ulichanganye

Wadau wa tofali na pevingi (zile tofali za zege za kulaza chini njiani) habari zenu. Hili swali nimeulizwa mara nyingi sana mpaka nimeona niliandike lote sehemu moja, yani lile jivu linalobaki ukishachoma tope la maji taka, linafaa kwenye kazi zetu au ndo likatupwe dampo? Linafaa, ila sio kila jivu wala kila tofali, na kabla hujaligusa kuna vipimo lazima vifanyike, maana nimeona watu wanalichukua bure, wanalimwaga kwenye mikisa (mchanganyiko wa zege), wanauza, alafu mwezi wa pili wateja wanarudi.

Kwa ambaye hajawahi kuliona: maji taka yakishasafishwa kwenye mtambo yanaacha tope. Miji yenye watu wengi na ardhi ndogo inalikamua hilo tope maji, inalichoma kwenye tanuru lenye joto la nyuzi 800 hadi 900, kinachobaki ni jivu laini la rangi ya kahawia, nyekundu ya udongo au kijivu. Hong Kong wana mtambo unaitwa T·PARK, ulifunguliwa 2016, uwezo wake ni tani 2,000 za tope kwa siku. Uholanzi wana mitambo yao Moerdijk na Dordrecht, Zurich wapo, Tokyo wamefanya hii kazi miaka na miaka. Kwetu Afrika Mashariki matanuru ya hivyo ni adimu, maji taka yetu mengi yanaishia kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti Dar es Salaam au Dandora Nairobi, lakini tope la vyoo limeshaanza kutumika kama nishati, Naivasha wanatengeneza briketi, Kigali lilishakaushwa likauzwa viwandani badala ya kuni, Kampala lilijaribiwa kuchomea matofali. Na kila linapochomwa linaacha jivu, tena tope la vyoo vya shimo linaacha jivu jingi kuliko la mtambo wa maji taka kwasababu mashimo mengi hayajajengewa ndani, mchanga unaingia, kwahiyo ukilichoma karibu nusu ya uzito mkavu inaweza kubaki jivu.

Hatua ya 1: Uliza jivu limetoka wapi

Hapa usione aibu kuuliza maswali mengi. Jivu linabeba kila kilichoingia kwenye mfereji isipokuwa vilivyoungua na kupaa, na linakibeba kikiwa kimekolea. Mtaa wa makazi tupu na mtaa wenye kiwanda cha ngozi, betri au cha kupaka vyuma rangi ya nikeli, matope yao hayafanani hata kidogo. Ngozi inaleta kromiamu, betri zinaleta risasi, mabati na mabomba yanaleta zinki. Mfano mkubwa wa hili ni Japani mwaka 2011 baada ya ajali ya nyuklia ya Fukushima, mvua iliosha paa na barabara, maji yakaingia kwenye mifereji, sesiamu yenye mionzi ikaonekana kwenye tope na kwenye mabaki ya kuchoma tope, na viwanda vya saruji vilivyokuwa vinapokea mabaki hayo vikasimamisha. Hakuna aliyemwaga sesiamu chooni, ilifika tu.

Swali la pili, ni jivu la wapi kwenye mtambo? Mtambo mkubwa unatoa mabaki ya aina mbili. Kuna jivu lenyewe linalonaswa mwanzo moshi ukiwa unatoka tanuruni, hilo ndo tunalolitaka, alafu kuna unga wa mwisho unaotoka kwenye kichujio cha moshi, ule uliochanganywa chokaa au magadi na mkaa wa kunasa zebaki. Huo wa pili usiuguse kabisa. Ni taka hatarishi na mahali pake panajulikana kisheria. Mtu akikwambia "yote ni jivu tu bosi, chukua" ujue hajui anachokupa.

Swali la tatu ni kama limeungua kweli. Jivu jeusi lenye chembe za mkaa na harufu ni tope lililoungua nusu, linaweza kuwa na mayai ya minyoo bado, na ule mkaa unakunywa maji ya zege. Lirudishwe motoni. Na tafadhali mtu asichome tope kwenye pipa au shimo nyuma ya nyumba ili apate jivu la tofali. Moshi wake unabeba zebaki na kadmiamu, majirani ndo wanauvuta.

Kabla hujaenda mbali pitia mamlaka ya mazingira, yani NEMC kama uko Tanzania, au NEMA kama uko Kenya au Uganda, uwaeleze unachotaka kufanya, kwasababu hili jivu kisheria linaweza kuhesabiwa taka hatarishi na kulibeba tu barabarani bila kibali ni kosa. Ukishapata majibu yao kwa maandishi ndo unaanza.

Hatua ya 2: Jikinge

Jivu hili ni jepesi mno, ukilimwaga kutoka juu linapanda kama moshi. Barakoa ya N95 au FFP2, miwani ya kuziba, glovu, nguo za mikono mirefu ambazo huendi nazo nyumbani kubeba mtoto. Litunze kwenye viroba vya plastiki vilivyofungwa, juu ya paleti, chini ya paa, mbali na kisima. Ukilihamisha linyunyizie maji kidogo tu lisipepee.

Hatua ya 3: Chukua sampo kama inavyotakiwa

Watu wengi wanakosea hapa, wanachota kikombe kimoja juu ya kiroba wanapeleka maabara. Chukua kidogo kidogo kutoka viroba tofauti, angalau kumi, juu, kati na chini. Vimwage vyote kwenye turubai, changanya na koleo mpaka rangi iwe moja, tengeneza kichuguu, kibonyeze kiwe kama chapati, kigawe vipande vinne kwa msalaba. Tupa pembeni vipande viwili vinavyotazamana, viwili vilivyobaki changanya tena, gawa tena, mpaka ubaki na kama kilo mbili. Kilo moja maabara, kilo moja unabaki nayo kwenye chupa yenye lebo ya tarehe.

Maabara waombe hivi: viambato vikuu vya jivu (fosfati ikiwemo), upungufu wa uzito likichomwa tena, salfeti, kloraidi, metali nzito, na kipimo cha kuloweka. Hicho cha mwisho ndo muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwa njia ya Ulaya wanaweka lita 10 za maji kwa kila kilo 1 ya jivu, wanazungusha saa 24, wanachuja, wanapima yale maji. Maana metali kuwepo ndani ya jivu ni jambo moja, na metali kutoka na kuingia kwenye maji ni jambo jingine. Jivu la tope mara nyingi lina zinki na shaba nyingi ambazo hazitoki kirahisi, ila molibdenamu na seleniamu, japo ni kidogo, zinatoka, kwahiyo sema zipimwe kwa majina, usiache waamue wenyewe.

Majibu yakirudi angalia fosfati. Jivu la makaa ya mawe, lile tulilozoea kusikia linachanganywa na saruji, kwa stendadi ya Ulaya EN 450 mwisho wake ni asilimia 5 ya fosfati. Jivu la tope la mtambo mara nyingi lina asilimia 10 hadi 20. Kwahiyo mtu akikuuzia akisema "hili ni sawasawa na fly ash" amekosea, hizi ni familia mbili. Fosfati na zinki zote mbili zinachelewesha saruji kushika, na hili nitalirudia kwasababu lilinipata.

Ukiona upungufu wa uzito likichomwa tena umezidi asilimia 6 ujue bado kuna mkaa mwingi ndani, na salfeti ikizidi utaona chumvi nyeupe inatoka kwenye pevingi kila baada ya mvua.

Hatua ya 4: Kausha, chekecha, saga

Likaushe mpaka uzito usibadilike. Chekecha kwanza na chekeche la dirisha kutoa mawe, misumari na vipande vya vioo (vipo, usishangae), alafu chekeche la mikroni 150 (matundu ya milimita 0.15). Kinachopita kitaingia upande wa saruji, kinachobaki juu kitaingia upande wa mchanga.

Ukilitazama kwa lenzi utaona chembe zake hazina umbo, zimetoboka toboka kama mkate wa kumimina. Ndo maana linakunywa maji. Kama una uwezo wa kulisaga kwenye kinu cha mipira ya chuma saga, linapata nguvu zaidi na vile vitobo vinapungua. Kama huna kinu usijilazimishe, litumie kama ujazo tu na usitegemee lifanye kazi ya saruji. Jivu la vyoo vya shimo lenye mchanga mwingi ndo zaidi, ule mchanga hauna kazi ya kikemia, ni mchanga tu.

Hatua ya 5: Jaribio dogo kabla ya kazi kubwa

Hii hatua usiiruke hata kama una haraka ya oda. Pima kwa mizani ya jikoni, usipime kwa kopo. Mchanganyiko wa kwanza usio na jivu: saruji gramu 450, mchanga mkavu gramu 1,350, maji gramu 225. Wa pili: saruji 405, jivu 45, mchanga na maji vilevile. Wa tatu: saruji 360, jivu 90. Hapo una sifuri, asilimia 10 na asilimia 20. Jaza kwenye moldi ndogo za vipimo sawa, gonga zitoe hewa, andika namba juu na msumari, funika na nailoni.

Sasa kisa changu. Mara ya kwanza nilipoletewa hili jivu, aliyeniletea alisema limeshapimwa, na mimi nikaamini kwasababu alikuja na karatasi yenye muhuri, sikuangalia hata tarehe. Tukachanganya asilimia 20 moja kwa moja kwenye mashine, tukapiga pevingi mchana mzima, zikatoka nzuri, uso laini, rangi ya chokleti. Asubuhi mzee wetu wa yadi, fundi aliyefanya zege tangu mimi sijazaliwa, akainama akabonyeza moja na kidole gumba. Kidole kikazama. Akainuka akasema taratibu, "Mwanangu, hii bado uji." Ilikuwa imelala saa kumi na sita. Tulizisogeza baadhi kwa uzembe zikapasuka pembeni, zile tulizoziacha zikashika siku ya tatu na baadae zikawa ngumu kabisa, kwahiyo lile jivu halikuwa bovu, lilikuwa linachelewesha na sisi hatukulipa muda. Ile karatasi ilikuwa ya mzigo mwingine.

Tangu hapo nafanya hivi: naweka sahani tatu za uji wa saruji na jivu pamoja na zile moldi, nabonyeza kwa kucha kila nusu saa, naandika kwenye daftari saa ambayo kucha imekataa kuingia. Kama sahani ya asilimia 10 imechelewa saa moja au mbili ukilinganisha na ya saruji tupu, hiyo unaweza kuishi nayo. Ikichelewa mpaka kesho yake, punguza jivu au achana na mzigo huo.

Moldi ukizifungua zilaze kwenye maji, zivunje kwenye mashine ya maabara siku ya 7 na ya 28. Stendadi ya Marekani ASTM C618 kwa jivu lililobadilisha asilimia 20 ya saruji inataka nguvu isipungue asilimia 75 ya ile ya saruji tupu. Yani saruji tupu ikitoa megapaskali 40 (kipimo cha nguvu ya zege), ya jivu isishuke chini ya 30. Jivu la tope ambalo halijasagwa mara nyingi linashindwa kufika hapo, na ukiona limeshindwa usilikatae kabisa, lihamishe upande wa mchanga.

Hatua ya 6: Mikisa ya kazi

Ratio yako ya kila siku ya pevingi usiibadilishe. Mimi nashauri uishie asilimia 10 ya saruji, yani kwenye mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa kilo 5 za saruji unaweka kilo 5 za jivu. Kwa kilo jamani, maana debe la jivu na debe la saruji uzito haulingani na hapo ndo ratio zinapotea. Kama jaribio lilikuonyesha jivu ni dhaifu, saruji iache kilo 50 kamili, toa sehemu moja kati ya kumi ya mchanga laini uweke jivu.

Changanya vikavu kwanza, saruji na jivu peke yake mpaka usione michirizi ya rangi, ndo uweke mchanga na kokoto, ndo maji. Utaona zege linakauka mkononi haraka kuliko ulivyozoea, na fundi wa mikisa atataka kuongeza maji, mzuie. Maji yakizidi nguvu inashuka na utalaumu jivu. Bora ununue dawa ya kulainisha zege uweke kwa kipimo cha kwenye kopo lake, au upunguze jivu. Vibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane) ifanye kazi muda mrefu kidogo.

Kwenye moldi ziache saa 48 badala ya 24, kivulini, zimefunikwa. Kisha maji asubuhi na jioni siku 14 zisizopungua, ukiweza 28, maana kile kidogo ambacho jivu linachangia kwenye nguvu linakichangia taratibu na linahitaji unyevu.

Hatua ya 7: Pima pevingi yenyewe

Vunja chache siku ya 28 na nyingine siku ya 56. Kwa unyonyaji wa maji: iloweke saa 24, ifute, ipime, alafu ikaushe kwenye oveni mpaka uzito usimame, ipime tena. Ikiwa kilo 3.30 ikiwa imeloa na kilo 3.00 ikiwa kavu, imenyonya asilimia 10, na hiyo kwa pevingi ni nyingi. Linganisha na za saruji tupu za siku hiyo hiyo kutoka mikisa hiyo hiyo, na viwango vya kufikia ni vya shirika la viwango la nchi yako, TBS (Tanzania), KEBS (Kenya) au UNBS (Uganda).

Alafu ile pevingi iliyovunjika isage, irudishe maabara kwa kile kipimo cha kuloweka. Saruji inafunga metali nyingi ndani, ila thibitisha kwa kazi yako mwenyewe, maana siku moja hiyo pevingi itavunjwa iwe kifusi kinanyeshewa mvua.

Kwa wanaochoma matofali

Kwenye udongo wa mfinyanzi jivu lina tabia nyingine kabisa, haliogopi fosfati kwasababu hakuna saruji ya kucheleweshwa, na moto unafunga metali nyingi vizuri. Singapore miaka ya 1980 walijaribu kuweka mpaka nusu ya uzito, na Tokyo miaka ya 1990 walitengeneza matofali ya jivu tupu bila udongo, walilikandamiza kwa presha kubwa sana wakalichoma kwenye nyuzi zaidi ya 1,000. Yalitengenezeka, yakalazwa njiani, na baadae wakahangaika na ukungu wa kijani juu yake na weupe wa chumvi. Tanuri letu la kienyeji halina presha ile wala joto la kulingana, katikati panaungua na pembeni panabaki mabichi, kwahiyo anza na kilo 5 kwa kila kilo 100 za udongo mkavu, panda mpaka 10, angalia yanavyosinyaa na kupinda. Fosfati inayeyusha udongo mapema kidogo, ukiona matofali ya katikati yameshikana kama yamegandishwa umezidisha.

Mahali pa kuweka na mahali pa kukataa

Njia za miguu, kingo za barabara, uzio, vibaraza, parking ya magari madogo, hapo mimi ninaweka nikalala usingizi. Uholanzi jivu hili limetumika pia kama unga wa kujazia kwenye lami, na huo ni matumizi mazuri maana lami inalizingira. Tangi la maji ya kunywa, kisima, chemba ya maji safi, nguzo, slabu, lenta na zege lolote lenye nondo, kataa hata mteja akikubembeleza. Kingo za bustani ya mboga pia kataa. Mteja aambiwe wazi kilichomo, kwa maandishi kwenye risiti.

Kuhusu hela nisiwadanganye, unaokoa kilo 5 za saruji kwa mfuko na gharama za maabara zipo. Inalipa pale unapokuwa karibu na anayechoma tope na yeye anakulipa kidogo ulichukue kuliko kulilipia dampo. Na kuna jambo linaniuma kila nikibeba kiroba: ile fosfati inayotusumbua kwenye saruji ni mbolea. Uswisi na Ujerumani wametunga sheria ya kuitoa kwenye tope au jivu kabla ya kitu kingine chochote, Ujerumani mitambo mikubwa inatakiwa kuanza 2029. Sisi tunachimba fosfati kwenye mgodi wa Minjingu, Tanzania, wakati nyingine tunaizika kwenye pevingi. Kama kuna mtu karibu yako anayeweza kuitoa kwa tindikali, mpe yeye jivu kwanza, kinachobaki baada ya kuoshwa ndo kije kwenye tofali, tena kitakuwa hakicheleweshi saruji kama mwanzo.

Mwisho, daftari. Kila mzigo wa jivu una namba, tarehe, chanzo, majibu ya maabara, asilimia uliyoweka na saiti zilikoenda. Jivu la masika na la kiangazi toka mtambo huo huo hayafanani, kwahiyo mzigo mpya unarudi hatua ya 3. Pevingi zenye jivu zipige alama ndogo chini, upande unaolala kwenye mchanga, sisi tunatumia herufi J na mwaka, tunaibonyeza na kipande cha bati zikiwa bado mbichi, ili atakayezing'oa ajue kifusi chake kisipelekwe shambani.